Andikeni "panya" kwenye kichwa cha habari

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia. Leo naandika kwa hasira, na sababu ni ile habari ya ukurasa wa mbele mliyoipa kichwa "Mlonge kiboko ya kisukari", na picha ya mama akichuma majani. Najua unaikumbuka. Kwamba waliopewa dawa hiyo walikuwa panya mlitaja kule ndani ya gazeti, aya ya mwisho, juu ya tangazo la viwanja.

Mdogo wangu hakuifikia aya hiyo. Ana kisukari aina ya pili, alikuwa anameza vidonge vya kushusha sukari, metformini na glaibenklamidi, na sukari yake ilikuwa imetulia. Nyuma ya nyumba yake kuna mlonge. Aliikata habari yenu, akaibandika kwenye mlango wa kabati, akaacha vidonge na kuanza kuchemsha majani asubuhi na jioni. Mkewe alipomwona anamaliza jagi la maji na kuamka kila mara usiku kwenda kukojoa, aliuliza, akajibiwa kuwa ni uchafu unatoka mwilini. Siku tuliyombeba kumpeleka hospitali hakuwa anatutambua. Muuguzi alipomtoboa kidole, mashine iliandika "HI" badala ya namba, maana yake sukari imepita kiwango inachoweza kupima, na kwa mashine nyingi kiwango hicho ni milimoli 33.3 kwa lita ya damu. Yu hai, namshukuru Mungu. Lakini kidonda alichokuwa nacho mguuni kilikuwa kimeshaoza, na vidole viwili vimekatwa.

Nilifundisha biolojia sekondari mpaka nilipostaafu, na kilichoniuma ni kwamba kazi yenyewe ya watafiti hamkuieleza. Panya hao hawakuugua kama alivyougua mdogo wangu. Katika majaribio ya namna hii panya hudungwa streptozotosini au aloksani, kemikali zinazoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na sukari yao hupanda ndani ya siku chache. Unga wa majani mara nyingi hulowekwa kwenye ethanoli au methanoli, ambazo ni aina za alkoholi, ukachujwa, kimiminika kikakaushwa, na kile kinachobaki ndicho wanachonyweshwa kwa kupimiwa miligramu kwa kila kilo ya uzito. Kundi jingine hupewa maji matupu, jingine glaibenklamidi au metformini, ili pawe na cha kulinganisha. Sasa niambie, mhariri, hayo yanahusiana vipi na sufuria ya mdogo wangu? Ethanoli hutoa kwenye jani vitu ambavyo maji ya moto hayavitoi, au huvitoa kwa kiasi kingine kabisa. Jani la masika si sawa na la kiangazi, jani changa si sawa na lililokomaa. Hakuna aliyempimia ini wala figo. Na dawa aliyoiacha ndiyo ile ile ambayo watafiti huitumia kama kipimo cha kulinganishia!

Mimi si adui wa miti shamba. Metformini yenyewe chimbuko lake ni mmea wa Ulaya unaoitwa Galega officinalis, ambao una kiambata kinachoshusha sukari, na mmea huo huo huwaua kondoo wanaoula kwa wingi. Werner na Bell waliitengeneza metformini Dublin mwaka 1922. Daktari Jean Sterne alitangaza matokeo ya kuwatibu wagonjwa nayo Ufaransa mwaka 1957. Marekani iliiruhusu mwishoni mwa 1994. Hiyo ndiyo safari ya kutoka kwenye jani mpaka kwenye kidonge, na pale Muhimbili tuna Taasisi ya Tiba Asilia, iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti, ambayo kazi yake ni safari ya namna hiyo. Ninyi mnaimaliza kwa kichwa kimoja cha habari. Na hamkujifunza mwaka 2011, pale watu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu kwa shilingi 500, na wapo waliorudi wakaacha dawa zao za kisukari.

Halafu kuna jambo la stripu, vile vipande vya kuwekea tone la damu kwenye mashine ya kupimia sukari, ambalo hamliandiki kabisa. Mgonjwa anaambiwa ajipime nyumbani. Anapewa mashine ya msaada, anafurahi, stripu za mwanzo zinakwisha, anazunguka maduka ya dawa na kukuta zilizopo ni za mashine nyingine, kwa sababu kila mashine ina stripu zake. Mdogo wangu mashine anayo, iko kwenye droo. Angekuwa na stripu angeona sukari inapanda wiki ile ile aliyoanza kuchemsha majani.

Naomba yafuatayo. Kila habari ya dawa iwe na kisanduku chini ya kichwa, kwa herufi za ukubwa ule ule wa habari, kikisema: imejaribiwa kwa nani, wangapi, kwa muda gani, imetengenezwa kwa maji au kwa ethanoli, na "usiache dawa ulizoandikiwa". Kama ni panya, neno "panya" liwe ndani ya kichwa chenyewe. Na habari ile ya mlonge irudiwe ikiwa imesahihishwa, ukurasa wa mbele, nafasi ile ile, kabla ya kliniki ya kisukari ya mwezi ujao, maana wapo wengine walioikata na kuibandika ukutani.

Mwalimu mstaafu,
Kihonda, Morogoro