Nembo za bibi zetu si kichekesho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyowaonyesha wazee wetu wa Kimakonde wenye nembo (chale za urembo) usoni na ndonya (kipande cha mti) mdomoni, ambao sasa wamebaki wachache sana huku Newala, Tandahimba na katika vijiji vingine vya Mtwara. Picha zao husambazwa kwenye simu, na mara nyingine huchapishwa magazetini, bila jina wala kijiji, zikiwa na maneno ya kushangaa tu. Sipingi utani wa makabila, maana utani una wenyewe na una mipaka yake. Ninachokipinga ni mtu asiye mtani wala jirani kuugeuza uso wa bibi wa watu kuwa burudani.

Maelezo yanayorudiwa kila mara ni kwamba Wamakonde walijichanja ili waonekane wabaya na wafanyabiashara ya watumwa wasiwatake. Biashara hiyo ilikuwepo kweli, na pwani yetu, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, iliionja. Hata hivyo maelezo hayo hayaniridhishi, kwa sababu hayasemi kwa nini nembo zilichanjwa pia tumboni na mapajani, kwa nini wanaume nao walichanjwa, wala kwa nini wachongaji walizitia kwa uangalifu mkubwa kwenye vinyago vya kuchezea ngoma, kikiwemo kile cha matiti na tumbo la mwanamke mjamzito ambacho mchezaji hukivaa kifuani. Mchongaji aliyetaka kuonyesha mwanamke aliyekamilika alimwekea nembo.

Fundi alichanja ngozi, akapaka unga wa mkaa, na kazi hiyo ikarudiwa ili mistari ikolee. Ndonya nayo ilianza na kijiti chembamba katika mdomo wa juu, tundu likapanuliwa kidogo kidogo hadi likapokea kipande cha mpingo. Yalikuwa maumivu makali, na aliyeyavumilia alipata heshima mbele ya wenzake, huku kila aliyemtazama akijua ni wa watu gani. Leo msichana wa mjini hujipaka mkorogo, na baadhi ya mikorogo huwa na zebaki inayoharibu figo, kwa kuwa jamii imemwaminisha kwamba weupe ndio uzuri, lakini hatumpigi picha tukamwita kiumbe wa ajabu. Sisemi haya ili nembo zirudi: wembe mmoja ukipita kwa watu wengi unaweza kusambaza virusi vya Ukimwi na homa ya ini, na binti mdogo hakuwa na nafasi ya kukataa. Ninachosema ni kwamba hakuna kizazi ambacho jamii yake haikuugusa mwili wake, na hiki chetu hakina haki ya kukicheka kilichokitangulia.

Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado havijaisha, Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala akipiga picha za watu na kukusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Miili ya wazee wetu ilikwisha kuelezwa na mgeni, kwa maswali aliyoyataka yeye, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Sisi wenyewe, tunaoielewa lugha yao, bado hatujakaa nao mkekani tukawauliza.

Kwa hiyo nawaomba maofisa utamaduni wa halmashauri zetu, na waandishi wako walioko kusini, wawafuate bibi hawa wangali hai. Waombwe ridhaa kwanza. Waulizwe nani aliwachanja, wakiwa na umri gani, kila mstari unaitwaje kwa Kimakonde, na wao wenyewe wanaionaje kazi ile leo, hata kama jibu ni la uchungu. Na picha ikichapishwa, iambatane na jina la mwenyewe kama ameridhia, na maneno yake yaliyo chini ya picha yawe yale aliyoyasema.

Msomaji wako,
Newala, Mtwara