Mtoto wa "Kwetu": barua kwa wazazi vijana wa avenyu yetu, Majengo, Goma, Kongo

Wanangu,

Jumatano usiku mlipita mbele ya geti langu mkikimbia, nami nikawahesabu. Sikuwa na kazi nyingine. Goti langu la kushoto limeshakataa mbio, na isitoshe nilikuwa nimetoka nje mapema kuutazama mlima wetu wa moto, Nyiragongo. Ulikuwa mwekundu kileleni, kama unavyokuwa siku nyingi wingu likishuka: moto ulio ndani ya shimo unalimulika wingu, wingu linang'aa. Basi. Nimezaliwa nikiuona wekundu ule. Lakini mtu fulani, ambaye hatumjui hata leo, alituma sauti kwenye WhatsApp: "Mlima umepasuka, lava imefika Kibati, asiyetoka asilaumu." Na kila aliyeipokea akaisukuma kwa wengine kumi kabla hajainua macho kutazama mwenyewe. Kutoka hapa Majengo, Nyiragongo huutafuti. Unageuza shingo tu.

Walipita watu, wakapita mbuzi, likapita godoro la watu wawili juu ya kichwa cha mtu mmoja. Ikapita pikipiki imebeba televisheni kubwa, imefungwa kwa kikwembe mgongoni kama mtoto. Vumbi lilipotulia nikasikia mtu anakohoa karibu na bomba. Nikawasha tochi. Mtoto wa kike, miaka minne hivi, ana kiatu kimoja.

Nikamwuliza jina. "Bebe."

Na baba yako anaitwa nani? "Papa."

Na mama? "Mama."

Unakaa wapi, mjukuu wangu? Akanitazama kama ninayeuliza upuuzi. "Kwetu."

Alikaa kwangu tangu saa tatu hadi saa saba usiku. Alikula bugali na visamaki vya sambaza vilivyobaki, akalala juu ya koti langu. Mama yake alipofika hakuwa na sauti tena ya kulia. Yeye alidhani mtoto yuko na baba, baba alidhani yuko na mama, na wakati huo baba alikuwa ameshafika Ndosho, yeye na televisheni yake. Simtaji. Anajijua.

Tangu usiku ule nimekuwa na hasira, na mke wangu ameniambia niiandike badala ya kumrushia yeye. Ndiyo hii.

Mimi mlima huu umenitimua mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 10 Januari 1977, nikiwa na miaka kumi na minne. Ziwa la moto lililokuwa juu lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, na lava ile ilikuwa nyepesi mno, ikateremka kwa mwendo wa gari. Vijiji vya kule juu havikupata hata nafasi ya kufunga milango. Mara ya pili ni Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2002. Ardhi ilipasuka mpaka karibu na Munigi, lava ikakata kipande cha kiwanja cha ndege, ikapita katikati ya mji, ikala kanisa kuu, ikaingia Ziwa Kivu. Watu wapatao 120,000 walibaki bila nyumba. Nyinyi mnaotembea mjini na kuona jengo ambalo mlango wake uko chini ya barabara, mjue lile halikujengwa shimoni. Barabara ndiyo iliyopanda. Mara ya tatu mnaikumbuka wenyewe: Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, saa moja jioni, anga lote likiwa rangi ya chungwa, na lava ikasimama kule Buhene, mlangoni mwetu.

Wenzetu wa pwani wana dhoruba zinazokuja na jina. Kimbunga Idai kilipoingia Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, redio ilikuwa imekitaja siku kadhaa kabla, na bado kiliua mamia ya watu. Sisi wa mlima hatupewi hata jina. Mwaka 2021 hakuna king'ora kilicholia. Wale wanaolipwa kuusikiliza mlima walikuwa hata pesa ya intaneti ya kuunganisha vipimo vyao wanaitafuta. Nani alikula, nani hakula, hilo lina wenyewe. Mimi nasema tu kwamba saa moja jioni ile, kilichokuwa mkononi mwako ndicho ulichoondoka nacho. Na ndipo ninapowauliza: mkononi mwenu huwa mna nini?

Msidhani nauliza nikiwa msafi. Mwaka 2002 nilikuwa nimefundisha miaka kumi na mitano, darasa la kwanza na la pili. Kazi yangu ya kila Septemba ilikuwa moja: kuwafundisha watoto wa watu kuandika majina yao. Jioni ile tulitoka na watoto watatu. Mke wangu alibeba mdogo mgongoni na kumshika wa kati. Mkubwa, miaka sita, alikuwa amshike mjomba wake. Na mimi? Nilibeba redio. Redio-kaseti ya milango miwili niliyoilipa kwa miezi minane. Niliibeba kifuani kwa mikono yote miwili ili isigongwe.

Karibu na mpaka wa Rwanda, kule Birere, watu walikuwa wamebanana hata miguu haigusi chini. Nyuma yetu usiku ulikuwa mwekundu na mapipa yanalipuka. Tulipotokea Gisenyi, mjomba alikuwa ameshika mkono wa mtoto mwingine kabisa. Alimshika mtoto asiye wetu, akamvusha mpaka, naye mtoto analia hajui analilia wapi.

Tulimtafuta siku tano. Wale wa Msalaba Mwekundu walikuwa na madaftari, wanaandika kila mtoto aliyeokotwa. Baadaye nilikuja kuona mstari wake, umeandikwa kwa kalamu ya bluu: jina lake la utani la nyumbani, kisha "mtoto wa Mwalimu". Basi. Hakujua jina langu. Goma ina walimu wangapi? Mama wa daftari lile alifanya kazi yake. Mimi ndiye sikuwa nimefanya yangu.

Jumatatu, tarehe 21, nilikuwa nimerudi mjini kumtafuta, lava ikiwa bado inachoma soli za viatu, niliposikia mlipuko. Kulikuwa na kituo cha mafuta kilichozungukwa na lava, watu wakaingia kuchota, moto ukawakuta humo humo. Walikufa makumi. Nilisimama pale nikiwa na wazo moja tu, kwamba wangu ni mtundu, anapenda kwenda palipo na watu. Sitaeleza nilivyotembea kwenda kuangalia.

Aliyempata si mimi wala si daftari. Ni mzee mmoja wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, aliyekuwa akituletea makala ya kupikia kila Jumamosi. Mwanangu alikuwa na tabia ya kumsukumia chukudu kwenye kipando ili apewe lifti kwenye mteremko, jambo ambalo nilimchapia mara mbili. Mzee yule alimwona kwenye uwanja wa shule moja Gisenyi akasema, "Huyu ni fundi wangu." Alimleta Jumanne, amekaa juu ya chukudu, ameshika kamba ya usukani, na kamba ile hakuiachia hadi ndani ya nyumba tuliyohifadhiwa. Ilibidi mzee aifungue, atuachie. Leo mwanangu ana watoto wake. Nikienda naye sokoni, pakisongamana, bado mkono wake unautafuta mkanda wangu wa suruali. Hasemi kitu. Nami sisemi.

Redio iliharibika mwezi wa nne.

Kwa hiyo sikilizeni, nyinyi mliozaa. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuimba matangazo yote ya vocha. Basi anaweza kujua majina manne: lake, la baba, la mama, na la avenyu. Si "Papa". Jina la kwenye kadi. Mwimbisheni mkimuogesha. Mkiwa mnamsuka nywele, mwulizeni. Akikosea, rudieni, msicheke. Na asiyeweza kusema bado, mwandikieni namba ya simu kwenye kipande cha kitambaa, kishoneeni ndani ya nguo. Wino wa mkononi unafutika kwa jasho, nimeuona Sake, tulikokimbilia mwaka 2021.

Sake yenyewe inastahili barua yake. Tarehe 27 Mei alfajiri redio ikatangaza kartie kumi, yaani mitaa kumi ya mji, zitoke, na Majengo ilikuwamo. Mji mzima ukaingia barabara moja. Kilomita ishirini na tano hivi, mvua, na motari, wale wa pikipiki za abiria, walioomba kwa safari moja pesa ya wiki nzima. Hao nao ni watoto wetu, tumewazaa wenyewe. Tayari siku ya kwanza baada ya mlipuko UNICEF ilikuwa imehesabu watoto zaidi ya 150 waliotengana na wazazi. Zaidi ya 150, na lava ilikuwa haijaingia hata ndani ya mji! Mlima uliua watu zaidi ya thelathini mwaka ule. Lakini watoto wale 150 hawakupotezwa na mlima.

Na msiseme mambo yamebadilika. Januari 2025, risasi zilipokuwa zikilia mitaani, wangapi kati yenu walijua majirani wamejificha chumba gani na wana watoto wangapi? Nilipokuwa mdogo, mama yeyote wa avenyu alikuwa na ruhusa ya kunipiga kofi, maana yake alinijua. Siku hizi ukimkanya mtoto wa jirani unaulizwa kama wewe ndiye unayemlisha. Haya. Sasa mtoto akisimama bombani usiku na kiatu kimoja, mnataka nani ajue ni wa nani? Kuta mmepandisha, mageti ya chuma mmeweka, mawe ya lava yenyewe mmeyachonga mkayajengea uzio wa kuwaficha jirani.

Mengine nitayataja tu, maana mmeshayasikia na hamtayafanya. Msikanyage lava iliyopoa juu; mwaka 2021 kuna waliokata njia juu yake kwa haraka, gesi ikawalaza wakafa. Maji ya ziwa yatieni klori au yachemsheni, kipindupindu hakingoji mrudi nyumbani. Bidoni moja iliyojaa maji isiguswe, ikae nyuma ya mlango. Kadi na diploma ziwe kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Kesho yenu ya kukutana iwe na mahali, patajwe leo, si "tutapigiana", kwa sababu mtandao ndio wa kwanza kukimbia. Ukipokea sauti kwenye simu, toka nje uangalie mlima kwanza.

Na mazuku, ile hewa inayoua. Hili nalirudia kwa sababu mwaka 2021 niliwaona watu wakiwalaza watoto bondeni kwa kuogopa upepo. Ile hewa ni nzito, inatoka ardhini na kujikusanya kwenye mashimo, haina moshi, huioni. Mtu mzima aliyesimama anapita salama, mbuzi anaanguka. Mtoto wako ana kimo cha mbuzi.

Wakubwa wetu sitawaandikia. Watu wa Buhene walikaa chini ya maturubai miezi na miezi, orodha za msaada zikiwa na majina ya watu ambao hata avenyu hazikuwajua, na leo nasikia parseli za kujenga zinauzwa juu ya lava ile ile, kwa dola, na muuzaji anakwambia hapa haiwezi kupita tena. Hata mwaka 2002 walisema hivyo hivyo. Mnanunua. Sawa, nunueni, mtu atakaa wapi? Mji huu hauna mahali ambapo lava haijawahi kulala. Mimi mwenyewe nyumba yangu ya mbao na manjanja ya bati iko juu ya jiwe la 2002. Tulilisawazisha kwa nyundo, mimi na mke wangu na kijana wangu akiwa na miaka saba, akiokota vipande vidogo na kuvipanga kwa ukubwa.

Jumapili hii baada ya ibada, saa nane, nitaweka kiti changu karibu na bomba. Nitakuwa na daftari, sindano, uzi mweusi na vitambaa. Mke wangu amekata kikwembe chake cha zamani. Leteni watoto. Atakayeweza kusema majina yake manne mbele ya wenzake atapewa pipi, na atakayeshindwa atapewa pipi pia lakini atarudi Jumapili inayofuata. Kiongozi wetu wa nyumba kumi amekubali kuja, na wale mama wawili wauza sombe wameahidi kuyakariri majina yote, na hao nawaamini kuliko daftari. Simu ziacheni nyumbani.

Bebe tumeshaanza naye. Anajua la kwake na la mama. La baba bado anakataa, anasema ni Papa.

Na wewe wa televisheni, rimoti yako ilianguka mbele ya geti langu. Ninayo. Njoo Jumapili uichukue, uje na mtoto.

Papa Mwalimu,
geti la bluu, ng'ambo ya bomba