Supavaiza wetu, "rekebisha" ndo nini?

Mhariri, naomba kanafasi niseme hili la supavaiza, yaani mwalimu anayetusimamia utafiti. Niko mwaka wa mwisho, chuo sikitaji, propozo yangu, yaani andiko la mpango wa utafiti, imekaa kwa huyo mwalimu wiki 6 halafu ikarudi na neno moja tu kwa wino mwekundu, "rekebisha", sasa nirekebishe nini, mada, maswali ya utafiti au sampo? Najua nao wamelemewa, mmoja ana wanafunzi 30 na bado vipindi na mitihani ya kusahihisha, simlaumu sana. Ila si angetuita hata kumi kumi kila Ijumaa, maana makosa yetu karibu yote ni yaleyale, sura ya pili, ile ya kupitia maandiko ya wengine, ndo usiseme, tunakopi tu. Wengine washakata tamaa wanaenda steshenari kulipia waandikiwe.