Bei ya mnada isiishie kwenye simu

Ndugu Mhariri,

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima huweka mazao ghalani, hupewa stakabadhi, kisha mazao huuzwa mnadani, ulipoanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, sisi wakulima wa Newala tulingoja siku kadhaa kupata bei ya mnada, lakini leo, hata kabla watu hawajaondoka mnadani, makundi ya WhatsApp huwa yameshaifikisha vijijini. Nayafurahia mno mabadiliko haya, kwani bei haifichiki tena. Hata hivyo, mama yangu, mwenye simu ya kitochi, bado huisikia kwa majirani. Na Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, kundi letu zima lilinyamaza. Naviomba vyama vya msingi vya ushirika viendelee kubandika bei kwenye mbao za matangazo.

Mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara