Mwonekano wa katikati haupatikani kwa nguo kubwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie jambo ambalo kurasa za mitindo huligusa kwa picha tu bila maelezo: namna mtu anavyoweza kuvaa asiegemee upande wa kike wala wa kiume. Ushauri unaotolewa ni ule ule kila siku. Mwanamke aazime shati la kaka yake, mwanamume atafute kitu kipana, basi. Mteja anafuata, anasimama mbele ya kioo, anaona mtu aliyevaa nguo isiyo yake. Anaanza kuulaumu mwili wake, wakati kilichokosewa ni mkato.

Jicho la mtazamaji hukimbilia mabegani, likashuka kiunoni, kisha likatua nyongani. Nguo ya kike ya kawaida huingia kiunoni kwa dati, yaani vile vikunjo vinavyochongoka, na kwa mishono ya ubavuni iliyopinda. Ya kiume hushuka wima kutoka kwapani. Mwonekano wa katikati unataka mstari wa ubavu ushuke karibu wima, na papo hapo nguo ikae mabegani na shingoni kama iliyokatwa kwa ajili ya mwili huo huo. Shati la kuazima linatimiza la kwanza na kuharibu la pili.

Tuchukue suti ya Kaunda, kwa kuwa kila fundi wa Afrika Mashariki anaijua. Jina lake limetoka kwa Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia. Ina kola iliyo wazi isiyohitaji tai, mikono mifupi, mifuko ya kubandika, na huvaliwa nje ya suruali. Imezoeleka kuwa vazi la wanaume, lakini umbo lake la boksi ndilo hasa tunalolitafuta.

Mfano, mteja ana bega hadi bega sentimita 39, kifua 92, kiuno 74 na nyonga 104. Fundi aliyezoea nguo za kiume atampa vazi lenye upana mmoja kuanzia kifuani hadi chini, tuseme 106. Kifuani litakaa vizuri. Nyongani litabaki na nafasi ya sentimita 2 tu, kwa hiyo kifungo cha chini kitavuta, mikunjo itatokea pembeni, na macho yote yatakwenda kwenye nyonga alizotaka zitulie. Mkato sahihi ni huu: kifua 92 ongeza 14, upate 106, nyonga 104 ongeza 8, upate 112. Tofauti ni sentimita 6. Ukizigawa kwenye mishono miwili ya ubavu, na kila mshono una kipande cha mbele na cha nyuma, kila kipande kinaongezeka sentimita moja na nusu tu kutoka kwapani hadi chini. Mstari huo ukiuchora kwa chaki unaonekana umenyooka. Kiunoni usiguse kabisa. Weka mpasuo wa sentimita 8 hadi 10 kila upande ili mtu akikaa nguo isipande.

Bega ndilo linalowashinda wengi. Kwa mteja huyu sogeza mshono wa bega sentimita 1 nje ya mfupa kila upande, 39 iwe 41, na uweke pedi nyembamba isiyozidi milimita 8. Hapo kuna mambo mawili ambayo fundi asipoyafanya kazi yote inaharibika. Kwanza, pedi inainua bega, kwa hiyo ncha ya bega kwenye kitambaa nayo iinuliwe kiasi hicho hicho. Usipofanya hivyo kwapa linabana na mtu hawezi kuinua mkono. Pili, bega likitoka nje sentimita 1, kichwa cha mkono wa shati, yaani ile sehemu ya juu inayoshonwa begani, kipunguzwe urefu karibu kiasi hicho, la sivyo panatokea uvimbe wa kitambaa juu ya mkono ambao pasi haiutoi. Pedi nene ya sentimita 2 ni kishawishi kikubwa. Mkono hubonyea chini yake, na bega linaonekana limewekwa juu ya bega.

Kifuani, dati isifutwe kwa mtu mwenye matiti. Ukiifuta, kitambaa kitainuka mbele na pindo la mbele litakuwa fupi kuliko la nyuma. Ihamishe. Kata kipande cha mabegani kama cha shati la kiume, kisha ufiche upana wa dati ndani ya mshono unaounganisha kipande hicho na cha mbele. Mtazamaji ataona mshono wa kawaida tu. Panga vifungo ili kimoja kiangukie kwenye mstari mpana zaidi wa kifua, maana mwanya hutokea pale vifungo viwili vinapopakana na mstari huo. Ukibaki na wasiwasi, ongeza kifungo cha kubana kwa ndani. Mifuko ya juu iwe bapa, bila mfuniko na bila rinda, kwa sababu mfuniko ukikaa juu ya titi unasimama kama rafu.

Vifungo vyenyewe vinasema kitu. Nguo ya kiume ina vifungo upande wa kulia wa mvaaji, ya kike upande wa kushoto. Si lazima kuchagua. Funika safu ya vifungo kwa pindo la kitambaa, au tia zipu iliyofichwa, na swali limekwisha.

Kitambaa cha upana wa sentimita 150 kinahitajika mita 3 kwa mtu wa kimo cha kati, koti na suruali. Kitenge ni chembamba zaidi, kwa hiyo nunua yadi 5, na angalia maua kabla ya kukata: duara kubwa likiangukia kifuani au nyongani linaharibu yote tuliyoyaeleza hapo juu. Kaki na pamba zilowekwe na kukaushwa kwanza kwa sababu hurudi. Rangi moja juu na chini hunyoosha mwili. Mkanda wa rangi tofauti huukata katikati na kuonyesha kiuno.

Suruali ina siri yake. Mwenye nyonga akinunua suruali ya kiume ya mtumba hupata inayotosha nyongani na kuachia mgongoni. Asiikimbie. Suruali nyingi za kiume zina mshono wa katikati nyuma unaopita hadi kwenye mkanda, na ndani yake kuna akiba ya kitambaa. Fundi anaweza kupunguza hapo sentimita 4 bila kuonekana. Akizidisha, mifuko ya nyuma itasogeleana hadi ionekane kama imegombana na makalio. Mifuko ya pembeni inayofumbua mdomo ni dalili kwamba nyongani hapana nafasi. Wengi huishona ifungwe, na matokeo yake mvuto unahamia kwenye msamba. Nafasi ya sentimita 6 nyongani na rinda moja kila upande inatosha. Mguu ushuke wima kutoka nyongani, chini upana wa sentimita 20 hadi 22 suruali ikiwa imelazwa mezani. Mguu wa kubana ndio unaokuza nyonga kuliko kitu kingine chochote.

Kwa anayetoka upande wa pili, mwenye mabega mapana na nyonga nyembamba anayetaka kulainisha umbo, kazi inageuzwa. Pedi hakuna, na kitambaa cha kukazia kiwe chepesi kolani tu. Mshono wa bega uangukie sentimita 4 hadi 5 chini ya mfupa, kichwa cha mkono kiwe bapa, kitambaa kiwe kinachoanguka kama krepi au viskosi. Kola ya kusimama au shingo iliyo wazi kidogo hupunguza ukali wa taya. Ujazo upelekwe chini: suruali ya kiuno cha juu, marinda mawili, chini sentimita 26 hadi 28. Kosa linalotuumiza kuliona ni kumbana kiuno mtu wa namna hii kwa kudhani ndiyo kulainisha. Mabega yanazidi kuwa pembetatu.

Kuhusu kubana kifua ili kionekane bapa tunasema kwa uzito, kwa sababu kuna watu wanaumia. Bandeji ya kunyumbulika na utepe wa gundi visitumike hata siku moja. Bandeji huzidi kukaza kadiri mtu anavyopumua na kusogea, na mbavu ndizo zinazolipa. Vazi maalumu la kubana, kwa aliye nalo, lisizidi saa 8, lisivaliwe usingizini wala mazoezini, na livuliwe mara moja likileta maumivu, ganzi au pumzi fupi. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, sidiria ya michezo inayokaa sawasawa, fulana ya pamba juu yake, na shati la kitambaa kizito kidogo lenye mkato tulioueleza vinatosha kwa wengi.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya ugenini. Kikoi kilikuwa vazi la wanaume wa pwani na leo wanawake wanakifunga bila mtu kugeuka. Shuka ya Kimasai huvaliwa na wote. Kinshasa na Brazzaville wapo wanawake wa Sape, ule utamaduni wa kuvaa kitanashati, wanaovaa suti za kiume kwa ustadi unaoweza kumfundisha fundi yeyote. Ni kweli kwamba Yves Saint Laurent, mbunifu wa mitindo wa Ufaransa, alipotoa suti ya jioni ya wanawake mwaka 1966 Paris palikuwa na mshangao, lakini hata yeye hakupunguza ya kiume na kuiuza. Aliikata upya kwa mwili wa kike. Tena nguo pana, inayoshuka wima na kufunika nyonga, inatosha kabisa kwa heshima ya ofisini na ya mtaani kwetu.

Kichwani, mwambie kinyozi kona za paji la uso asizichonge pembe kali wala asizizungushe sana, azifuate zilivyoota. Pembeni mashine namba 2, juu paachwe sentimita 3 hadi 4 au tuisti fupi, nyuma pafifie polepole badala ya kukatwa mstari. Nyusi zisinyolewe zikawa uzi. Miguuni, makubazi, raba za rangi moja au viatu vya kamba visivyo na kisigino kirefu vinakwenda na kila tulichokitaja. Pindo la suruali liguse kiatu.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wa mitindo ukitoa picha ya vazi la namna hii, utoe na vipimo vya bega, kifua, nyonga na upana wa chini. Wateja huja na ukurasa wa gazeti mkononi, na picha peke yake haimwonyeshi fundi akate wapi. Na kwa mteja: kabla ya kulipa salio, vaa nguo hiyo dukani kwa fundi, funga vifungo vyote, inua mikono juu, kisha kaa kwenye kiti. Kola ikipanda hadi masikioni, bega limekosewa. Kifungo cha chini kikivuta, ni nyonga. Vyote viwili vinarekebishika siku hiyo hiyo kama fundi aliacha akiba ya sentimita 2 kwenye mishono.

Ni sisi mafundi cherehani,
Ilala, Dar es Salaam