Tukuyu Stars nayo iwekewe ubao wake

Ndugu mhariri, salaam kutoka Uyole, umeme umekatika toka jana jioni kwa hiyo naandika kwa simu yenye chaji kidogo, mkiona nimekatisha njiani mjue ndo hivyo.

Nataka kuongelea klabu moja ya raga. Najua wengi hapa watafungua ukurasa mwingine, raga huku kwetu nani anacheza, lakini nivumilieni maana safari yenyewe inaishia Tukuyu.

Mwaka 1986 nilikuwa kidato cha pili kwenye sekondari moja mkoa wa Iringa, upande ule wa baridi, ukungu mpaka saa nne asubuhi hujaona bendera ya shule. Tulikuwa na mwalimu wa hesabu mzungu, kijana tu, alikuja kujitolea, ukimwita Mwingereza ananuna kweli, anakwambia mi natoka Wales, kwetu Llanelli, na hilo jina darasa zima hakuna aliyeliweza, ile Ll yake alikuwa anaipuliza pembeni ya ulimi kama mtu anayepooza chai. Sisi tukamwita Mwalimu Yai kwa sababu ya mpira aliokuja nao, ule mrefu wa raga. Jioni anatutoa uwanjani, magoli milunda ya mkaratusi, anatuambia mpira unakimbia nao mkononi ila pasi lazima uirushe nyuma. Sasa fikiria watoto wa Kihehe na Kibena tuliozoea kandanda, unatuambia ukitaka kwenda mbele rusha nyuma! Shati langu la shule lilichanika siku ya kwanza, kuanzia kwapani mpaka kiunoni, nikalishona kwa uzi mweusi maana mweupe haukuwepo. Baada ya wiki chache mwenzetu mmoja akavunjika mfupa wa bega na mkuu wa shule akapiga marufuku, historia yetu ya raga ikaishia hapo.

Lakini hadithi za Llanelli hakuacha kutusimulia. Ni kamji ka viwanda vya bati, na klabu yao ilianza miaka ya 1870 huko, mpaka wakaweka sufuria nyekundu juu ya nguzo za goli, ndo alama yao (tulidhani anatudanganya). Na wachezaji hawakuwa wanalipwa, si kwamba klabu maskini, sheria ya raga yenyewe ilikuwa inakataza mtu kulipwa, imekuja kuondolewa 1995. Kwa hiyo mtu anatoka kazini, anaenda mazoezini, usiku analala, kesho kazini tena. Kapteni wao Delme Thomas alikuwa fundi wa laini za umeme, yaani kama hawa tunaowaona wanapanda nguzo na mikanda.

Sasa tarehe 31 Oktoba 1972 wakaja All Blacks wa Nyuzilandi. Kwa asiyejua, hao kwenye raga ni kama Brazili kwenye mpira. Watu zaidi ya elfu ishirini wakajibana uwanjani. Dakika za mwanzo tu Phil Bennett wa Llanelli akapiga penati ikagonga mwamba ikarudi, beki wa Nyuzilandi kutaka kuuondosha akajikuta kapiga mpira umemgonga Roy Bergiers, mwenzake Bennett, Bergiers akaurukia chini nyuma ya mstari wa goli, ndo wanaita trai! Wakati ule trai pointi nne, wakaongeza mbili za teke, sita. Wageni wakapata tatu, alafu Andy Hill wa Llanelli akapiga penati moja ya mbali sana, mpira ukaisha 9 kwa 3. Fundi wa umeme akabebwa mabegani. Wanasema mabaa ya mji mzima yaliishiwa bia usiku ule, na mimi sioni kwa nini nisiamini.

Mwaka huohuo wa 1986, tukiwa tumejazana jikoni kwa mpishi wa shule mwenye redio, RTD ikatutangazia Tukuyu Stars ndio mabingwa wa Tanzania. Banyambala, ndo jina lao la utani! Timu ya kamji ka migomba na mvua, imewapita Simba na Yanga. Mwalimu Yai alikuwepo mlangoni na kikombe chake, akasema kwa Kiswahili chake kile, hii ndo Llanelli yenu. Mimi nilikariri.

Juzi kijana wangu kanitafutia hiyo Llanelli kwenye simu. Mhariri, ubao wa matokeo ya mechi ile ya 1972 bado upo! Mwaka 2008 walihamia uwanja mpya, Parc y Scarlets, na ubao wakauhama nao, umeandikwa kwa lugha yao, Llanelli 9, Seland Newydd (ndo Nyuzilandi) 3. Sufuria nazo zipo. Nikamwambia haya sasa tafuta Tukuyu Stars 1986, akaniletea mistari miwili mitatu na picha ambayo hata si ya timu yenyewe.

Mwaka jana nilipeleka mbegu za viazi Tukuyu, nikawauliza bodaboda pale stendi. Mmoja akasema anaisikia kwa baba yake. Wa pili akabisha kabisa, ubingwa ni wa Simba na Yanga mzee, unatuletea hadithi. Hapo akadakia babu mmoja anauza ndizi pembeni, akaweka mkungu chini, akaanza kuitaja listi ya wachezaji kwa vidole, kipa, mabeki, anawataja na majina ya utani na mtaa aliokaa kila mmoja, nani alikuwa akifunga goli anavua shati wakati baridi linakata, akafika wa nane akasimama. Akarudi mwanzo. Akafika wa nane tena. Akasema hawa watatu wamenitoka mwanangu, ila nyuso nawaona.

Sasa ombi langu ni dogo. Hizo kurasa za michezo mnazotuwekea kila siku nani kasajiliwa wapi, mpunguze moja tu mtume mwandishi Tukuyu akae na hawa wazee kabla hawajatutoka wenyewe, aandike majina, aombe picha za ukutani sebuleni kwao. Na waheshimiwa wa halmashauri, ubao wa mbao na rangi nyeupe bei gani jamani? Mimi nachangia mbao mbili za msonobari, kutoka Mufindi, nitazileta mwenyewe.

Babu anakaa pale wanaposhushia abiria wa kwenda Kyela, asubuhi. Mwandishi amwambie katumwa na yule wa viazi, na kama wale watatu wameshamrudia naomba myatoe majina yao gazetini.

Msomaji wenu, Uyole, Mbeya