Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024, Lindi Mjini

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kusaidiana, nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Shughuli za kawaida mnazifahamu. Tulizika, tulihani, tulizibua mitaro kabla ya masika, tukachangia shule ya mtaa. Wanachama 4 wametangulia mbele ya haki, Mungu awarehemu. Rambirambi zote zililipwa kabla ya mazishi, na wenye kumbukumbu wanajua kwamba kabla ya uongozi huu haikuwa hivyo.

Sasa nije kwenye Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 na bati tulizonunua kwa fedha ya mfuko wa msiba, maana maneno yamekuwa mengi vibarazani na hapa ndipo mahali pake.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, mwanzoni mwa Mei. Wengi hawakuamini. Aprili 2019 kilipotangazwa Kimbunga Kenneth, wenzetu wa Mtwara walihamishwa na shule zikafungwa, kisha kikaenda kutua Cabo Delgado, Msumbiji. Tangu hapo ikitolewa tahadhari utasikia, "Na hiki kitapita." Wazee waliokuwepo Aprili 1952, kimbunga kilipoipiga Lindi yenyewe, hawasemi hivyo. Ijumaa tarehe 3 Mei mimi na katibu tulipita nyumba kwa nyumba upande wa bondeni, tukaomba tangazo lisomwe msikitini baada ya swala, na wavuvi wakavuta mitumbwi juu. Wazee wanaoishi peke yao tuliwapeleka kwa ndugu zao. Kiini cha kimbunga kilitua Mafia Jumamosi tarehe 4, lakini upepo na mvua vilitufikia vya kutosha. Hakuna mwanachama aliyepoteza maisha. Nalisema hili waziwazi kwa sababu sijasikia mtu akilisema, ila maneno ya bati yamesikika mno.

Mapaa ya nyumba 7 yaling'oka. Wakati huohuo barabara ya Dar es Salaam ilikuwa imekatika upande wa Kilwa, pale Somanga na sehemu nyingine, hata aliyekuwa Waziri wa Ujenzi, Mheshimiwa Bashungwa, akapiga kambi huko. Mabasi yalikwama. Aliyekuwa na safari ya lazima alizunguka Masasi, Tunduru hadi Songea. Mzigo mpya hauji, na kila mwenye duka la vifaa vya ujenzi analijua hilo. Jumatatu tarehe 6 kamati tendaji ilikaa, ikaamua fedha zitoke mfuko wa msiba tununue bati siku hiyohiyo kabla bei haijapanda.

Mfuko ulikuwa na shilingi 4,380,000. Tulitumia 2,310,000: bati 60 kwa 1,620,000, mbao na misumari 390,000, maturubai 6 kwa 210,000, na guta la kubebea 90,000. Mafundi ni wanachama wenzetu na hawakudai hata senti. Stakabadhi zote ziko kwa mhazini, na tangu Mei waliokwenda kuziangalia ni watu wawili tu.

Lawama ya kwanza ni kwamba fedha ya msiba imeezekea nyumba. Katiba yetu inaipa kamati ruhusa ya kutumia mfuko wakati wa dharura na kutoa taarifa baadaye. Kama kimbunga si dharura, basi naomba niambiwe dharura ni nini. Fedha ya sanda ipo, mtu yu hai, na mvua inamnyeshea kitandani. Mnataka tungoje nini?

Ya pili ni kwamba hatukuitisha mkutano mkuu. Mikutano tuliyoitisha mwaka mzima walikuja 31, kisha 24, kisha 27, na chama kina wanachama 118. Akidi isingetimia na bati lisingenunuliwa.

Ya tatu, kwamba tungeiachia serikali. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya mtaa, nasi orodha yetu tuliipeleka huko. Lakini tathmini hupanda ngazi kwa ngazi, na hiyo ni kazi ya siku nyingi. Mwenye nyumba isiyo na paa hesabu yake ni ya usiku mmoja mmoja.

Ya nne imeniuma. Inasemwa kwamba kati ya nyumba 7, 3 ni za wadaiwa wa ada na moja ni ya shemeji yangu. Ni kweli. Bati zilihesabiwa kwa ukubwa wa uharibifu, na siku ilipopangwa nyumba ya shemeji nilitoka nje ya kikao. Muhtasari upo. Kuhusu wadaiwa, upepo haukuuliza nani kalipa. Siko tayari kusimama mlangoni kwa bibi wa miaka themanini na daftari la ada mkononi.

Nikitaja ada, moyo unazidi kuwa mzito. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Tulitarajia 2,832,000, tumekusanya 1,246,000. Wanachama 43 hawajalipa chochote mwaka mzima. Kila tulipobisha hodi jibu lilikuwa, "Mwenyekiti, subiri korosho." Korosho imeuzwa. Minada ya mwanzo ya Oktoba bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, bei ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona, na mhazini bado anasubiri. Desemba kimbunga Chido kilipoipiga Mayotte na kuingia Cabo Delgado, simu yangu haikutulia: chama kimejipangaje, maturubai yapo? Yapo yaleyale 6, na mawili yamechanika.

Mwaka huu tunatarajia, Mungu akipenda, kuurudisha mfuko ulipokuwa, kutafuta sehemu ya kuhifadhia vifaa vya dharura, na kuzungumza na halmashauri kuhusu mtaro wa bondeni. Wafadhili nao tutawaangalia.

Naomba mkutano upitishe matumizi ya shilingi 2,310,000 kama yalivyoelezwa. Mwenye swali aulize hapa hapa, stakabadhi zikiwa mezani.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti